Goti lauma lakini tatizo liko nyonga

Umeuliza kwa nini goti la kulia lauma ukishuka ngazi, na ukipiga skwati (kuchuchumaa na kuinuka) waskia paja la mbele tu, makalio hamna kitu. Kaka hio nimeipitia mie. Naendesha tuktuk hapa Kongowea, Mombasa, masaa kumi nyonga imekunjwa na mguu wa kulia unaning'inia juu ya breki kutwa.

Nikapaka mafuta ya kuchua, nikafunga bandeji, wapi. Fizio mmoja, yule mtaalamu wa tiba ya viungo, akaniambia nisimame mguu mmoja mbele ya kioo nichuchumae kidogo. Wa kushoto sawa. Wa kulia, kiuno kikaanguka upande wa pili na goti likaingia ndani kama latafuta mwenzake. Ile misuli ya ubavuni mwa nyonga ndo inashika kiuno, ikilegea goti ndo lalipa deni.

Watu wasema misuli "imelala". Hailali bana, ni mwili umezoea njia ya mkato, paja lafanya kila kitu.

Anza hivi: lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, bana makalio halafu inua kiuno, shika sekunde 5, mara 10. Mie siku ya kwanza nyuma ya paja ilinishika nikapiga ukelele mke wangu akafikiri nimeumwa na tandu 😂 kumbe visigino vilikuwa mbali, vivute karibu na makalio na usukume kwa kisigino. Pili lala ubavu, mgongo ukutani, inua mguu wa juu huku kisigino chakwaruza ukuta, na vidole viangalie mbele, vikigeukia juu tu basi paja laiba kazi tena. Anza na upande dhaifu, na ule wenye nguvu ufanye idadi ile ile, usizidishe.

Kifundo cha mguu pia pima, kikikaza nacho chaweza kuvuta goti ndani: vidole sm 10 kutoka ukutani, goti liguse ukuta kisigino kisinyanyuke. Mie kulia nilifika sm 6 tu.

Wiki ya pili nikaanza kuskia kalio, maana mwanzo neva ndo zajifunza, misuli yenyewe haijaongezeka bado. Goti limetulia wiki ya saba hivi. Skwati usiache, kalia kiti uinuke, mpaka goti lizoee. Ila likivimba ama likikwama, hospitali kwanza.

Sahi nikingoja abiria steji nashuka napiga goti moja chini, nabana kalio, nyonga yanyooka. Walikuwa wanicheka, sasa kuna wawili washaanza kuniiga.