Mfuko Mmoja, Nambari Moja: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kutafuta Okidi za Andes

Wiki iliyopita, katika kambi yetu juu ya bonde la Pastaza, mashariki mwa Ekuador, nilimwona kijana mmoja mwenye bidii akitoa kwenye mfuko mmoja wa plastiki mimea sita ya Lepanthes, okidi wadogo waotao juu ya miti, iliyotoka kwenye matawi matatu tofauti, huku akiniambia kwa furaha kwamba ataitenganisha usiku baada ya chakula. Sikumkaripia, kwa sababu sauti ingenitoka kali kuliko alivyostahili. Nilikwenda kukaa karibu na jiko la kukaushia presi, zile mbao za kubania mimea, na hapo nikaamua kuandika haya, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wote, wadogo zangu mliokuja huku kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala mkiwa na shahada nzuri na macho makali. Ninawapenda mno, siwezi kuwaacha mlilie jambo ambalo mimi nimekwisha kulilia.

1. Mmea kukosekana kwenye ufunguo wa utambuzi, yaani maswali ya kitabuni ya kutafutia jina la mmea, hakuufanyi kuwa spishi mpya. Ninajua tabia hii inatoka wapi, kwani nami nilikuja nayo. Sisi tulilelewa na Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, kazi iliyoanza kutoka mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000, na mtu akikosa mmea wake humo ana haki ya kushtuka. Huku hakuna kitabu cha namna hiyo kinachowafunika okidi wote. Ekuador peke yake ina spishi za okidi zaidi ya 4,000, kundi la Pleurothallidinae, ambamo Lepanthes imo, limepita 5,000 katika nchi za tropiki za Amerika, na majina yake yametawanyika kwenye majarida ya karne mbili, kwenye mabuku ya Luer, mtaalamu wa kundi hili, na kwenye makabati ya mimea mikavu ya Vienna, Harvard, Missouri, Kew na Quito. Siku ya pili ya safari hii neno "mpya" lilitamkwa mara kumi na moja kabla ya chakula cha mchana. Nilihesabu.

Kabla hujalitamka tena, kumbuka kisa cha Reichenbach, mtaalamu wa okidi wa karne ya 19. Alipofariki mwaka 1889 aliiachia Vienna hebaria yake, yaani mkusanyiko wake wa mimea mikavu, iliyojaa holotaipu za okidi wa Andes, vile vielelezo rasmi vinavyobeba majina ya spishi, kwa sharti kwamba isifunguliwe kwa miaka 25. Katika miaka hiyo wenzake walilazimika kukisia majina yake yalimaanisha mimea gani, na baadhi ya mimea ikapewa majina kwa mara ya pili. Leo picha za holotaipu nyingi zinaonekana ukiwa umekaa kitini pako. Anayeeleza spishi bila kuzitazama amejifungia mlango ambao hakuna wosia uliomfungia.

2. Tahadhari na sentensi isemayo "haipatikani kwingine kokote". Wanabotania Dodson na Gentry walikusanya mimea kwenye kilima cha Centinela, magharibi mwa Ekuador, msitu wake ukakatwa, na dunia nzima ikasimuliwa kwamba spishi karibu 90 zilikuwa zimetoweka pamoja nao. Ua moja la hapo, la familia moja na Saintpaulia wetu wa Usambara, lilipewa mwaka 2000 jina la Gasteranthus extinctus, yaani aliyetoweka, kisha mwaka 2021 likaonekana likichanua katika vipande vya msitu vilivyosalia. Utafiti uliotolewa mwaka 2024, uliopitia vielelezo vya hebaria kimoja baada ya kingine, ulionyesha kwamba karibu spishi zote zile zimekusanywa mahali pengine pia. Simwondolei mtu heshima. Gentry alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1993 akiwa kazini magharibi mwa Ekuador. Upande wa pili pia ni kweli. Katika bonde hili hili la juu la Pastaza, mtafiti Lou Jost alikuta zaidi ya spishi 20 za okidi wa jenasi Teagueia ambazo hazikuwa zimeelezwa, wakati jenasi nzima ilikuwa na spishi 6 tu zinazojulikana. Kilele kimoja huku kinaweza kweli kuwa na mmea wake wa pekee, lakini hilo hujulikana baada ya kupanda kilele cha jirani na kurudi mikono mitupu.

3. Mfuko mmoja, mmea mmoja, nambari moja. Hapa ndipo nilipoumia, na nitaeleza kirefu.

Ulikuwa msimu wangu wa pili. Mvua ilikuwa imetushika tangu saa nne asubuhi, na saa kumi jioni tulikuta tawi nene limeanguka na kukatiza njia, limefunikwa kuvumwani, na ndani yake vichaka viwili vya Lepanthes vimesukana mizizi. Tulikuwa tumebakiwa na mifuko mitatu. Mwenzangu aliniuliza kama atoe miwili. Nilimjibu kwamba mmea ni uleule, na kwamba tuitunze mifuko kwa ajili ya mteremko wa juu. Nikaandika nambari 417, nikaeleza rangi ya ua kwa mstari mmoja, tukaondoka.

Usiku ule, kwa mwanga wa tochi ya kichwani, nilichagua mashina ya kubana kwenye gazeti. Nilichukua yaliyokuwa mazuri zaidi, yenye majani mapana ya zambarau upande wa chini na ramikauli, vile vijishina vinavyobeba jani, ambazo ala zake, yaani maganda membamba yanayozifunika, zilikuwa na vinyweleo virefu kuliko nilivyowahi kuona. Mashina hayo hayakuwa na maua yaliyofunguka, ila vitumba viwili vidogo. Maua yaliyokuwa wazi niliyakata kwenye mashina mengine ya mfuko uleule na kuyatia kwenye chupa ya spiriti, nambari 417, na yaliyosalia nikayatupa. Sikupiga hata picha moja ya ua likiwa bado limeshikamana na shina lake. Nimeirudia saa ile akilini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara naona kamera ikiwa juu ya meza, kavu, mkono wa kulia.

Miezi minane baadaye, chini ya hadubini, nilikuta mchanganyiko ambao haukuwa kwenye maelezo ya mtu yeyote. Ala za namna hii hazikuwahi kuandikwa pamoja na mdomo wa ua wa namna ile. Zisingeweza kuandikwa, kwa kuwa mmea huo niliuumba mimi. Niliulinganisha na spishi nne za karibu, nikaandika utambuzi wake, nikatengeneza bamba la picha ambamo shina lilitoka kwenye presi na ua kwenye chupa, nikaviunganisha kwa uangalifu hata wahakiki wawili wasione kiungo. Ndani ya chupa, chini ya ua mojawapo, kulikuwa na kipande cha ramikauli cha sentimita moja chenye ala laini zisizo na unywele. Nilikiona. Nilijiambia kwamba vinyweleo vimepukutikia kwenye spiriti, nikaendelea kupima petali. Spishi nikaipa jina la marehemu bibi yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha majina ya miti nikiwa sijui hata kusoma.

Barua ilikuja mwaka uliofuata, fupi na ya adabu, kutoka kwa mtaalamu aliyekuwa ameazima holotaipu. Alikuwa amefungua chupa, akakitoa kile kipande cha sentimita moja, akakiweka kando ya karatasi ya presi, akaandika kwamba mbele yake kuna spishi mbili. Ua lilikuwa la spishi ambayo Luer alikwisha kuieleza zamani. Mashina hakuyafahamu.

Mnaijua Kanuni ya kimataifa ya majina ya mimea inavyosema: kielelezo cha aina, kama holotaipu, kikiwa na sehemu za spishi zaidi ya moja, jina hubaki na sehemu inayolingana zaidi na maelezo ya kwanza. Sehemu kubwa ya maelezo yangu ilisimama juu ya ua. Kwa hiyo jina likalifuata ua, na jina la bibi yangu sasa ni kisawe, yaani jina la ziada lisilotumika, cha okidi iliyokuwa na jina lake tangu mwanzo. Jina lililokwisha kuchapishwa kihalali haliwezi kuchukuliwa na kuvikwa spishi nyingine ya jenasi ileile, na kwa hiyo siwezi kumpa tena.

Visawe si aibu. Reichenbach mwenyewe anavyo tele. Lililoniumiza ni kwamba spishi mpya ilikuwapo kweli, hai, mkononi mwangu, ikiwa na vitumba viwili ambavyo vingefunguka baada ya siku chache bandani. Laiti ningeipa mfuko wake, ningeona kwamba haina ua, ningeitunza, ningesubiri. Nilirudi mahali pale mara tatu. Mara ya tatu mteremko wote ulikuwa umeporomokea mtoni pamoja na njia.

4. Ua la Lepanthes lina milimita chache na likibanwa presini huwa doa, kwa hiyo litieni kwenye alkoholi ya asilimia 70 yenye gliserini kidogo, baada ya kupiga picha na kuandika rangi, kwani spiriti hula rangi yote.

5. Vibali vije kabla ya tiketi ya ndege. Okidi wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kutoa DNA kunahitaji mkataba wake peke yake. Phragmipedium kovachii, ua kubwa la zambarau ambalo ni miongoni mwa okidi waliosisimua watu kuliko wote katika miongo ya karibuni, lilivushwa kutoka Peru mwaka 2002 bila kibali, likafikisha watu mahakamani nchini Marekani, na hadi leo likitajwa, kesi hutajwa kwanza na uzuri wake baadaye.

6. Tangu tarehe 1 Januari 2012 maelezo yanaweza kuwa ya Kiingereza badala ya Kilatini, lakini holotaipu lazima itajwe pamoja na hebaria inakotunzwa, na mmea hai hauwezi kuwa holotaipu hata ukiwa mzuri namna gani. Isotaipu, yaani nakala za holotaipu za mkusanyo uleule, ziachwe Quito. Jambo hili kwangu halina mjadala, kwa kuwa najua ilivyo kwa mwanafunzi wa Tanzania kuomba picha za mimea ya kijijini kwao kutoka Ulaya.

7. Msichapishe viwianishi kamili vya GPS. Andikeni mkoa, bonde na mwinuko, na namba kamili ziacheni kwenye lebo, kwani wezi wa okidi husoma majarida yetu kwa bidii kuliko wanafunzi wengi ninaowajua. Mdogo wangu mmoja alinijibu kwamba sayansi ni ya wazi. Nilimpeleka kwenye mti ambao maelezo yake yalikuwa yamechapishwa na kila kitu, nikamwonyesha gome lililochunwa hadi juu kufikia urefu wa ngazi. Alinyamaza njia nzima ya kurudi, na jioni aliomba faili lake alirekebishe.

8. Kesho tunapanda ukingo wa kaskazini. Kila mmoja abebe mifuko 60, na nitaihesabu mwenyewe mkiwa mnakunywa chai.

Kielelezo changu sasa ni vipande viwili, 417A na 417B, na lebo ya 417B inasema Lepanthes, bila ua. Ilikuwa kwenye mita 2,400 hivi, juu ya tawi lenye kuvumwani nene. Jani ni la yai, pana, la zambarau chini. Ala za ramikauli zimefunguka kama tarumbeta, na vinyweleo vya ukingoni vinaonekana bila lenzi. Mteremko mmoja uliporomoka, lakini ng'ambo ya mto kuna mwingine wa mwinuko uleule ambao hatujaumaliza. Mkiikuta ina ua, pigeni picha ua likiwa bado juu ya shina, kisha mniite kabla hamjaigusa.