Maswali ya Wasomaji: Mzimu Usioonekana na Mlango Unaogongwa

Safari hii barua nyingi zimehusu filamu za mizimu za zamani: kwa nini bado zinatisha ilhali nyingi mpya zinasahaulika kabla mtu hajafika kitandani. Tumejibu tano.

Nimetazama The Haunting ya mwaka 1963 mwanzo hadi mwisho. Mzimu sikuuona hata mmoja, na bado nililala taa ikiwaka. Walifanyaje? – Msomaji, Morogoro

Sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na ukuta unaogongwa. Kumbuka usiku wa kwanza: Eleanor, mmoja wa wageni waliokuja kukaa katika jumba linalosemekana kuwa na mizimu, anazinduka kwa kishindo, na kabla hajafumbua macho sawasawa anaitika, akidhani ni mama yake anayemwita. Mama huyo amekwisha kufa. Eleanor ndiye aliyemuuguza kwa miaka mingi, na mgonjwa alipohitaji kitu aligonga ukuta. Usiku wa kufa kwake aligonga pia, na binti hakwenda. Kwa hiyo kishindo kile hakimhusu mtu mwingine yeyote mle ndani kama kinavyomhusu yeye. Jumba limemchagua, na limejua pa kumgusa. Mwondoe mama katika hadithi, uache kelele zilezile kwa sauti ileile, na utabaki na mabomba mabovu.

Halafu angalia namna vishindo vinavyotembea. Vinaanzia mbali, vinasogea kwenye ujia kama mtu anayepita mlango kwa mlango, vinanyamaza, kisha vinafika. Kitasa kinacheza. Muda wote huo kamera haivuki mlango kwenda kutuonyesha kilichoko nje. Mwongozaji, Robert Wise, anatubakiza ndani na Eleanor na mwenzake waliokumbatiana, na macho yetu yanapekua nakshi za mbao yakitafuta chochote. Sehemu ya vishindo ilirekodiwa mapema ikachezwa seti wakati wa kupiga picha, ndiyo maana waigizaji wanashtuka kwa pamoja na kwa wakati wake, hawakuwa wakikisia.

Jumba lenyewe lilipigwa picha kwa hila nyingine. Wise aliiomba kampuni ya Panavision lenzi pana ya milimita 30 ambayo ilikuwa haijakamilika, akatakiwa atie saini kukiri kwamba anazijua kasoro zake. Yeye alizitaka hasa kasoro hizo: kuta zinapinda kidogo kwenye kingo za picha, na mtazamaji anahisi kitu hakikukaa sawa bila kujua ni nini. Vyumba vilijengwa na dari, vikajazwa mapambo na mwanga, bila vichochoro vya giza. Hili la mwanga linawashangaza wengi. Kona yenye giza humwambia mtazamaji aangalie wapi. Chumba chenye mwanga kote hakimwachii pa kupumzisha jicho. Na mlango unaovimba baadaye kama kifua kinachopumua ulikuwa wa mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, mtu akiusukuma kutoka nyuma. Gharama yake ni ndogo mno, lakini hofu imeshalipiwa na saa nzima iliyotangulia.

Je, ni kweli filamu ya mizimu lazima iwe ya rangi nyeusi na nyeupe? – Msomaji, Kigoma

Hapana. Nyeusi na nyeupe husaidia kwa sababu kivuli na kitu hukaribiana, na jicho hushindwa kuvitenganisha. Lakini The Exorcist ya 1973 na The Shining ya 1980 ni za rangi na zimetisha kizazi baada ya kizazi. Ukipiga ya rangi, punguza idadi ya rangi kwenye chumba ziwe mbili au tatu, ili moja isiyotarajiwa ikiingia ionekane.

Tumepiga filamu fupi ya mzimu hapa mtaani. Kwenye maonyesho, kila mzimu wetu akitokea watu wanacheka. Unga usoni tumempaka, shuka jeupe tumemvika, taa ya bluu tumewasha. Tatizo ni nini? – Kikundi cha vijana, Mwanza

Ndugu zetu, kicheko hicho mkisome vizuri. Watu hucheka baada ya kubanwa na kisha kufunguliwa ghafla. Maana yake ni kwamba mliwabana, jambo zuri. Halafu mkawaonyesha kitu walichoweza kukipima. Wameona unga, wameona shuka, wamemtambua jirani yao, na hofu imekwisha.

Anzeni na kuondoa: unga, taa ya bluu, shuka. Mvikeni nguo ambayo mtu huyo angevaa siku aliyokufa. Kisha mwekeni mbali, na asimame tu. Filamu ya The Innocents ya 1961 ina somo bora kuliko yote kuhusu hili: mwanamke aliyevaa nguo nyeusi amesimama kwenye matete ng'ambo ya ziwa, mchana kweupe. Hafanyi lolote. Umbali ule hauturuhusu kumsoma uso, na mchana ule unatunyima kisingizio cha kusema ni giza tu.

Kwa kamera yenu: mzimu asizidi moja ya nane ya urefu wa fremu mara ya kwanza, awe pembeni, na mwigizaji mkuu awe anafanya kazi ya kawaida upande wa pili, kama kuanua nguo. Mwacheni mzimu kwenye fremu sekunde tatu au nne kabla mtu yeyote hajamwona. Msimsogelee na kamera, wala msipige muziki. Baadhi ya watazamaji watamwona mapema, wengine watachelewa, na yule aliyemwona mapema atamgusa jirani yake kwenye kiti. Mkigeuza picha kumfuata mwigizaji na kurudi, mzimu awe ameondoka. Mara ya pili awe karibu zaidi. Uso wote uhifadhiwe kwa mara moja tu, na usizidi sekunde mbili.

Mwendo ni jambo la pili. Mwigizaji anapotembea polepole akinyoosha mikono, tunaona mtu anayeigiza mzimu. Katika Ringu ya Japani, ya 1998, mwigizaji alitembea kinyumenyume na filamu ikageuzwa, kwa hiyo anakuja mbele kwa viungo ambavyo havielewani. Mbinu hii mnaiweza hata kwa programu ya bure ya simu. Fanyeni mazoezi ya mita tano au sita, kwa hatua zisizolingana. Hakikisheni hakuna moshi, maji yanayotiririka, kuku wala mpita njia nyuma yake, maana hivyo ndivyo vinavyofichua kwamba picha imegeuzwa.

La tatu ndilo zito, nalo ni la mswada. Mzimu wenu anataka nini, na kwa nini kwa mtu huyu? Ringu inatoa sharti mapema: ukitazama mkanda fulani wa video uliolaaniwa, simu italia, na una siku saba za kuishi. Kuanzia hapo kila tarehe kwenye skrini inatisha yenyewe, hata watu wakiwa wanakunywa chai. Filamu nyingi za Ulaya na Marekani hujengwa juu ya shaka, kwamba labda mizimu haipo na mhusika ni mgonjwa wa akili. Kwa watazamaji wa kwetu shaka hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu wengi wao hawaulizi kama majini yapo. Wanauliza jini huyu ametumwa na nani, ameudhiwa na nini, anadai nini. Jibuni nusu ya maswali hayo katika theluthi ya kwanza ya filamu na nusu nyingine karibu na mwisho. Mzimu anayetokea kwa kila mtu bila sababu hana deni na yeyote, na mtazamaji hujua kwamba mwenyewe pia yuko salama.

Mimi huchukia kelele za ghafla kwenye filamu hizi. Si udanganyifu tu? – Msomaji, Nairobi

Mara nyingi ndiyo. Mwili hushtuka kwa kishindo chochote, hata sufuria ikianguka, na mshtuko huo huisha upesi bila kuacha kitu. Lakini upo uliojengwa vizuri. Katika Cat People ya 1942 mwanamke anatembea usiku kandokando ya bustani. Tunasikia visigino vyake, na nyuma yake visigino vya anayemfuata. Vya nyuma vinanyamaza. Anakaza mwendo, anageuka, haoni mtu. Mara basi linaingia kwenye picha likifunga breki, na breki zile zina mlio wa mnyama anayefoka. Kilichotisha ni ule ukimya wa kisigino. Basi limekuja kukusanya tulichokwisha kuweka. Watengeneza filamu walilichukua jina hilo, wakawa wanaita hila ya aina hiyo "basi".

Ukitaka kupima, tazama tukio ukiwa umepunguza sauti hadi karibu na sifuri. Kama halibaki na chochote, lilikuwa kelele tu. Tukio la mkono katika The Haunting halina kishindo mwishoni: Eleanor gizani ameshika mkono wa mwenzake kwa nguvu, taa inawaka, na mwenzake yuko mbali, kitanda cha upande wa pili. Hofu inakuja baada ya jambo kwisha, na kwa hiyo huwezi kujikinga nayo.

Kwa wanaotengeneza: kila mahali mnapopiga picha, rekodini dakika moja ya chumba kikiwa kimya, watu wote wakiwa wamesimama. Ukimya wa kukata sauti kabisa husikika kama hitilafu ya spika. Ukimya unaotisha ni wa kuondoa kitu kimoja: nyenje wamelia tangu tukio lianze, feni inazunguka, kisha nyenje wananyamaza na feni inaendelea. Mpeni mtazamaji sekunde mbili tatu alitambue hilo. Na msitegemee mngurumo mzito wa besi, kwa sababu wengi watatazama kwenye simu na spika zake ndogo hazitoi sauti za chini. Mbao zinazokwaruzwa, kucha, pumzi na mlio wa bawaba husikika popote.

Katika The Exorcist pumzi za waigizaji zinatoka kama moshi. Nasi tunataka hivyo, lakini tuko Tanga na joto hili! – Msomaji, Tanga

Pumzi zile ni za kweli. Chumba cha kulala kilijengwa studio kikapozwa kwa mitambo hadi chini ya nyuzi sifuri. Kompyuta inaweza kuongeza pumzi baadaye, ila mabega ya mtu asiyehisi baridi humsaliti.

Ulizeni kama mnaweza kukodi kwa saa chache chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki au matunda. Pumzi huanza kuonekana vizuri karibu nyuzi 5 za Selsiasi, na chumba cha kupoza tu hukaa hapo au chini kidogo. Msiingie cha kugandishia, ni hatari kwa waigizaji waliovaa nguo nyepesi. Pangeni picha za karibu tu, na ukuta wa nyuma mfunike kwa kitambaa cheusi. Taa iwe nyuma ya mwigizaji, juu kidogo ya bega, ikielekea upande wa kamera bila kuingia kwenye fremu. Mkiiweka mbele, pumzi itapotea hata kama baridi ipo. Tumieni taa za LED, kwani za zamani zitakipasha chumba moto. Mwigizaji anywe chai ya moto kabla ya kila kipande, kisha pigeni kwa dakika kumi na kutoka nje.

Shida itakuja mkitoka. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kamera yenye baridi itatoka jasho ndani na nje. Ifungeni kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa mkiwa bado ndani ya chumba cha baridi, itoeni ikiwa humo, na msiufungue mfuko hadi kamera ipate joto la nje, saa moja au zaidi. Kadi ya kumbukumbu itoeni kabla ya kufunga mfuko, ili kazi ya kunakili iendelee mkisubiri.