Kwa wahandisi mnaotaka kwenda kutumika misheni nje: ulizeni spea kwanza

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naona vijana wengi waliomaliza uhandisi wanauliza habari za kutumwa na kanisa nje ya nchi, hasa hizi shule za vijijini. Mimi ni Mtanzania, niko huku kaskazini mwa Malawi, sekondari ya bweni ya kanisa, mji wetu wa manunuzi ni Mzuzu, kwaiyo naongea vitu ninavyoviona kila siku.

Makaratasi sitakaa nayo sana. Sisi Watanzania Malawi tunaingia bila viza, ila hiyo sio ruhusa ya kufanya kazi hata kama ni ya kujitolea, kanisa linalokupokea lianze kushughulikia kibali kabla hujapanda basi.

Ukifika usifungue boksi la vifaa. Zunguka na mlinzi, zunguka na matroni na wapishi wa jikoni, kaa nao, salimia kwa Kitumbuka hata kama unaijua nusu nusu, maana hao ndio wanajua tenki linakauka saa ngapi na bweni lipi waya zinanusa kuungua mvua ikinyesha. Chifu wa kijiji nae nenda kamsalimie mapema na mkuu wa shule, kwasababu maji ya shule karibu kila mara yanakuwa ni maji ya kijiji pia.

Sasa maji yenyewe. Mvua huku ni kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili, ukipima kisima mwezi wa tatu utaona maji ya kumwaga na utaagiza pampu kubwa ya sola kwa furaha, alafu Oktoba inafika, jua kali, maji yameshuka chini, pampu inavuta hewa na wanafunzi wanaenda mtoni na ndoo saa kumi na moja alfajiri. Pima Oktoba, hicho ndicho kipimo cha kununulia pampu. Na pampu ya mkono msiidharau jamani! Afridev zimejaa Malawi, zilibuniwa makusudi ili wanakijiji wenyewe waweze kuzifungua, kinachokufa mara nyingi ni mpira wa pistoni na bushi, vitu vya bei ndogo. Hapa kwetu kuna mama wa jikoni anaifungua yeye na mabinti wa kidato cha tatu, wanavuta fimbo moja moja juu, wanazilaza kwenye turubai zisishike mchanga, akifika kwenye ule mpira anaupitisha kidole pembeni, akisikia umelika upande mmoja anatupa, anaweka mpya, mchana watu wanachota. Mimi nakuwa nimesimama tu, na ndivyo inavyotakiwa.

Umeme wa jua ndio unaosumbua wengi, na shida kubwa inakuwa kwenye matumizi kuliko kwenye paneli. Chukua betri ya asidi ya volti 12, Ah (amp-saa) 200, kwenye karatasi ni wati-saa 2,400, lakini ukitaka ikae miaka usivuke nusu, yani una 1,200. Taa 20 za wati 9 kwa masaa 4 ya prepu ni 720, inatosha vizuri kabisa. Sasa mtu wa ofisini akachomeka pasi ya wati 1,000, kwa saa moja tu kamaliza karibu yote na watoto wanasoma gizani. Kwaiyo tenganisha laini ya madarasa na laini ya ofisi tangu siku unafunga, na meza ya kuchajia simu za walimu iwe mchana jua likiwepo. Betri za kuongeza maji, hakikisha maji ya betri yapo stoo muda wote, yakikosekana kuna mtu ataweka ya mtoni kwa nia njema na betri imekufa.

Kuhusu wafadhili, shukuruni ila semeni ukweli. Shule ya jirani ililetewa inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumia vifaa vya kawaida) nzuri sana kutoka Ulaya, ikaungua bodi, hakuna fundi wala duka la hiyo kitu karibu, ipo stoo mpaka leo. Novemba 2023 kwacha, pesa ya Malawi, ilishushwa asilimia 44 dhidi ya dola, chochote cha kuagiza kikapanda, bajeti zilizoandikwa kwa kwacha zikawa hazina maana. Kabla hujakubali kifaa nenda Mzuzu dukani uliza spea yake ipo, nani anauza na shingapi. Haipo, kataa kwa upole.

Huwa namkumbuka sana Alexander Mackay, yule mhandisi mmisionari Mskoti aliyefika Buganda 1878 akafa kwa malaria 1890 huko Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria. Vijana walijifunza kusoma pale pale karakana, kwenye uhunzi na uchapaji. Karakana ilikuwa ndio darasa, na mimi naamini hata sasa huko ndiko Injili inakaa vizuri, kijana anakuuliza maswali ya imani mkiwa mmeshika spana wote wawili kuliko ukimuita ofisini.

Kukabidhi usisubiri wiki ya kuondoka. Miezi sita kabla wape wenyeji watakaobaki funguo za stoo, daftari la betri na namba za wauza spea, alafu nenda likizo ndefu nyumbani, simu wapigie mwenye duka kwanza sio wewe. Ukirudi angalia kilichokwama ni nini, hicho ndicho cha kufundisha miezi iliyobaki.