Kutazama miti mitupu wakati wa baridi: je, ni sala au ni kuabudu viumbe?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Ninaishi kwenye nchi yenye majira ya baridi kali. Tangu theluji ianze nimezoea kutoka nje kila asubuhi kabla ya kazi. Nasimama kama dakika kumi nikitazama miti, ndege, na nyayo za wanyama kwenye theluji, na moyo wangu hutulia kuliko nikipiga magoti chumbani. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi ameniambia huko ni kuabudu viumbe, tena wakati huu kila kitu kimekufa, kuna nini cha kutazama? Je, nakosea? Na kama sikosei, nifanyeje ili iwe ibada na si matembezi tu?

JIBU: Amina, mpendwa. Hukosei. Lakini dada huyo usimpuuze, maana hofu yake ina Maandiko. Musa aliwaonya Israeli wasije wakainua macho, wakaona jua na mwezi na nyota, wakavutwa kuvisujudia (Kumbukumbu 4:19). Ayubu alihesabu kuwa ni uovu hata kuubusu mkono wake kwa siri kwa kuuabudu mwezi (Ayubu 31:26-28). Paulo naye anawataja walioabudu kiumbe wakamwacha Muumba (Warumi 1:25). Ila mrudishe aya chache nyuma. Aya ya 20 yasema mambo ya Mungu yasiyoonekana hufahamika kwa kazi zake, na aya ya 21 yataja kosa lenyewe: hawakumtukuza wala kumshukuru. Walitazama wakaishia hapo hapo kwenye kitu. Wewe ukirudi ndani na shukrani, umefanya walichokataa kufanya.

Andiko ninalotaka ukae nalo ni Yeremia 1:11-12. Kijana ameitwa kuwa nabii, anaogopa, na Mungu akishamgusa kinywa anamuuliza, “Yeremia, waona nini?” Anajibu kwamba anaona ufito wa mlozi. Naye Bwana anamwambia ameona vema, kwa kuwa analiangalia neno lake ili alitimize. Kwa Kiswahili hatuoni ufito na kuangalia vinahusianaje. Kwa Kiebrania mlozi ni shaked, na anayeangalia, yaani anayekesha, ni shoked. Katika nchi ya Israeli mlozi huamka kabla ya miti mingine. Huchanua baridi ikiwa haijaisha, wenzake wakiwa bado watupu. Neno la unabii lilipitia kwenye kijiti cha majira ya baridi! Sisi tuliofundishwa tangu shule ya Jumapili kwamba maombi huanza kwa kufumba macho, hapa tuna Mungu anayeanza kwa kumuuliza mtu anaona nini.

Bwana Yesu alifundisha vivyo hivyo. Aliposema tuyafikiri maua ya kondeni (Mathayo 6:28), neno la Kigiriki lililotumika lina maana ya kujifunza kitu kwa makini hadi ukijue. Kukitupia jicho ukiwa njiani hakutoshi.

Sasa hili la “kila kitu kimekufa.” Katika karne ya 17 huko Ufaransa alikuwapo kijana wa miaka 18, baadaye akawa mwanajeshi, aliyeuona mti wakati wa baridi, mtupu kabisa. Akawaza kwamba baada ya muda si mrefu majani yatarudi, kisha maua, kisha matunda. Wazo hilo tu likampa picha ya uweza na utunzaji wa Mungu ambayo haikufutika maisha yake yote. Ndiye Ndugu Lawrence, aliyeingia utawa wa Wakarmeli mjini Paris, akatumikia jikoni miaka mingi, akafa mwaka 1691. Alikuwa Mkatoliki; mimi si Mkatoliki, na nimefaidika naye kuliko wahubiri wengi wa upande wangu. Zingatia kwamba mti wenyewe haukuwa na ajabu yoyote. Wengine waliupita siku hiyo hiyo.

Kesho shika tawi moja, usogeze macho. Chini kidogo ya ncha utaona kovu dogo mahali jani lilipong'oka, na juu ya kovu hilo kitumba kigumu kilichofungwa kwa magamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Miti mingi inayopukutisha majani huunda vitumba hivyo wakati wa kiangazi, kabla jani la zamani halijaanguka. Maana yake, jani la mwakani liko mkononi mwako, limekunjwa. Baridi nayo si adui tu: mtufaha usipopata saa za kutosha za baridi hauchanui vizuri, na ngano inayopandwa kabla ya baridi isipopitia majuma ya baridi haitoi masuke inavyopaswa. Theluji nayo hushika hewa katikati ya chembe zake, kwa hiyo udongo ulio chini yake haupoi kama ulio wazi. Nikisoma Zaburi 147:16 kwamba Mungu hutoa theluji kama sufu, naona mtunga zaburi alichagua vizuri. Sufu ni ya kufunika.

(Jambo moja la pembeni. Mwanzo 8:22 Mungu aliahidi kwamba majira hayatakoma, na wafasiri wetu wa Union Version wakaandika “kaskazi na kusi.” Napenda sana walivyofanya: waliyataja majira kwa pepo za pwani yetu. Hata hivyo baridi unayoiona wewe imo ndani ya ahadi hiyo hiyo.)

Umeuliza ufanyeje. Chagua mti mmoja, urudi kwa huo huo. Simu iache mfukoni. Jiulize swali la Yeremia, kisha ujibu kwa sauti, kwa maneno ya kawaida: naona gome limepasuka, naona ndege amejivimbisha manyoya. Usikimbilie somo. Hili ndilo kosa letu sisi wahubiri: hatujamaliza kuona ndege, tayari tuna pointi tatu. Ukishaona, mshukuru Mungu kwa hicho hicho, soma mistari michache, uende kazini. Siku moyo usipotulia, nenda vilevile. Utulivu ni zawadi, haukuahidiwa kila asubuhi. Na magoti ya chumbani usiyaache.

Nikuongezee moja ambalo hukuuliza. Baridi huua watu. Paulo akiwa kifungoni aliomba aletewe joho lake, na akamsihi Timotheo ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi (2 Timotheo 4:13, 21). Yakobo naye anamkemea anayemwambia asiye na nguo aende zake kwa amani akaote moto, bila kumpa kitu (Yakobo 2:15-16). Kwa hiyo macho yanayoona nyayo za sungura yaone pia nani katika ushirika wenu hana koti. Na kama giza la majira haya linakulemea hadi hulali wala huli, mwone daktari. Mti hautachukua nafasi yake.

Huyo dada mwalike aje nawe asubuhi moja. Usimhubirie. Mpe tawi alishike, umuulize anaona nini.