Re: Tiketi ya mama Nairobi–New York, mbona ni masaa 7 tu?

Dada, tiketi haina shida. Umeona anatoka Nairobi saa sita usiku anafika New York saa moja asubuhi ukahesabu 7, lakini kila saa hapo ni ya mji wenyewe, na Desemba New York iko nyuma yetu masaa 8, so jumlisha upate 15, ndo muda halisi wa hizo kilomita kama 11,800 bila kutua. Kurudi huwa fupi kidogo, upepo wa juu husukuma ndege kuja mashariki.

Kilichonishtua ni vile umesema mama ana presha na miguu humvimba. Tafadhali mpeleke kwa daktari kabla ya safari, usimnunulie dawa za kuzuia damu kuganda kwa kuambiwa tu na watu. Dawa zake abebe kwa mkoba wa mkononi, zikiwa kwa pakiti zake na karatasi ya daktari, zisiende na sanduku. Mchukulie kiti cha kando ya njia aweze kuinuka atembee, na wheelchair uiombe mapema, hailipiwi. Akishatua, mguu mmoja ukivimba na kuuma ama ashindwe kupumua vizuri, ni hospitali moja kwa moja, msingoje kesho.