Maswali ya Wasomaji: Kukitazama Kimelea cha Malaria Ndani ya Mwili Ulio Hai

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari wilayani Muheza. Wanafunzi wangu wamekwisha kuona vimelea vya malaria kwenye slaidi, na wanajua kuchora mzunguko wake kutoka kwa mbu hadi kwa mtu. Nilipowaeleza kwamba siku hizi watafiti hukitazama kimelea kikitembea ndani ya ngozi ya panya aliye hai, mmoja wao aliniuliza kuna haja gani, ikiwa tone la damu linatosha kukionyesha. Nilikosa jibu la kumridhisha. Tena, ngozi si kioo. Wanaonaje ndani yake?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza swali zuri, na jibu lake lina historia ndefu. Slaidi ya damu haipaswi kudharauliwa hata kidogo, kwa kuwa ndiyo inayomwonyesha mtaalamu wa maabara katika zahanati kwamba mgonjwa ana vimelea na kwamba ni vingi kiasi gani. Lakini kimelea kilichopo juu ya kioo kile kimekwisha kufa, kimekaushwa na kutiwa rangi. Tunajua kwamba kilikuwamo mwilini. Hatujui kilipita njia gani, kilikutana na nini, wala wenzake wangapi walikufa kabla ya kufika. Isitoshe, kimelea cha Plasmodium falciparum, aina ya malaria iliyo hatari zaidi kwa mtu, kinapokomaa huifanya seli nyekundu iliyokibeba inate kwenye kuta za mishipa midogo kabisa, na kwa sababu hiyo damu ya kidoleni huonyesha zaidi vile vichanga vyenye umbo la pete, huku vilivyokomaa vikiwa vimejibanza ndani ya viungo.

Mwaka 1903 mtaalamu wa Kijerumani, Fritz Schaudinn, alichanganya damu na sporozoiti, yaani vimelea vichanga anavyovitema mbu pamoja na mate yake, akatazama kwa hadubini na kutangaza kwamba ameviona vikijipenyeza moja kwa moja katika seli nyekundu. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na kauli yake ikakaa vitabuni kwa zaidi ya miaka 40, ingawa kila aliyefuatilia mgonjwa tangu siku ya kuumwa na mbu aliona kwamba damu hukaa siku kadhaa bila kimelea chochote. Vilikuwa wapi siku hizo? Mwaka 1948, mjini London, Henry Shortt na Cyril Garnham (Garnham alikuwa ametoka Kenya, alikofanya kazi ya udaktari kwa zaidi ya miaka 20) walimwambukiza kima kwa vimelea vya mamia ya mbu, kisha wakavikuta vikikua ndani ya ini lake. Kosa la Schaudinn lilitokana na kuitazama damu iliyotolewa mwilini na kudhani kwamba mambo huenda vivyo hivyo ndani. Hata hivyo, Shortt na Garnham nao walilazimika kumuua mnyama ili walione ini lake. Walijua kimelea kilipofikia, lakini safari yenyewe hawakuiona.

Sasa kuhusu ngozi kutokuwa kioo. Mambo mawili yalibadilisha hali. La kwanza ni protini ya kijani inayong'aa, ambayo Osamu Shimomura aliitenga kutoka kwa yavuyavu wa baharini mwaka 1962. Mwaka 1994 Martin Chalfie alionyesha kwamba jeni ya protini hiyo ikipandikizwa katika kiumbe kingine, seli za kiumbe hicho nazo hung'aa, tena kikiwa hai. Wawili hao pamoja na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008. La pili ni hadubini zinazotumia leza ya mwanga usioonekana kwa macho, ambao hupenya nyama kwa kina zaidi kuliko mwanga wa kawaida na kuidhuru kwa kiasi kidogo zaidi. Basi watafiti hupandikiza jeni hiyo ndani ya kimelea, humlaza panya kwa dawa ya usingizi, huliweka sikio lake chini ya lenzi na kumwacha mbu aume.

Walichokiona kilinishangaza nilipokisoma kwa mara ya kwanza. Sisi tulifundishwa kwamba mbu huingiza vimelea katika damu, kana kwamba anapiga sindano ya mshipa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya vimelea hivyo, ambavyo huenda ni makumi machache tu, huachwa ndani ya ngozi, na hapo kila kimoja huanza kuserereka chenyewe kati ya seli, kwa mwendo wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) moja hadi mbili kwa sekunde, kikizunguka na kupinda hadi kiguse mshipa wa damu na kuupenya. Safari hiyo huchukua dakika nyingi, wakati mwingine saa kadhaa. Baadhi huingia katika mishipa ya limfu na kuishia kwenye tezi, na baadhi havitoki ngozini kamwe. Mwaka 2004 Jerome Vanderberg na Ute Frevert walionyesha kwamba panya aliyekwisha kupata kinga huvizuia palepale: kingamwili huving'ang'ania vimelea hivyo na kuvifanya vishindwe kutembea.

Hapo ndipo lilipo jibu la mwanafunzi wako. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, na ile ya R21 iliyofuata Oktoba 2023, zote mbili huufundisha mwili kuitambua protini iliyoko juu ya gamba la sporozoiti. RTS,S ilianza kutengenezwa kabla picha hizi hazijapatikana, kwa hiyo nisingependa useme darasani kwamba picha ndizo zilizoizaa. Zinachotusaidia ni kuelewa mahali ambapo kingamwili hupata nafasi ya kufanya kazi, na jinsi nafasi hiyo ilivyo fupi. Waambie pia kwamba RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wa Korogwe, jirani zenu kabisa, na vilevile wa Bagamoyo na Kilifi.

SWALI: Ninaandika kutoka Lubumbashi. Panya si mtu. Kwa nini tuamini kwamba yanayompata panya ndiyo yanayompata mtoto wangu? Na je, wanyama hao hawateswi?

JIBU: Ndugu msomaji, huenda hujui kwamba kimelea kinachotumiwa zaidi katika kazi hii kimetoka kwenu. Plasmodium berghei ilielezwa mwaka 1948 na Ignace Vincke na mwenzake Lips, walioipata katika panya wa vichakani huko Katanga, eneo ulipo mji wako. Panya wa maabara si mwenyeji wake wa asili, na wa mtu ni kimelea kingine kabisa, kwa hiyo shaka yako ni ya haki.

Kwa hatua ya ngozi na ya ini, ufanano ni mkubwa, ingawa katika ini la panya kimelea hukomaa kwa siku mbili hivi, na P. falciparum katika ini la mtu huhitaji karibu juma zima. Ni kwa panya ambapo mwaka 2006 ilionekana kwamba vimelea hutoka ini vikiwa vimefungwa katika vifuko vya utando wa seli ya ini yenyewe, hivyo askari wa mwili hawavitambui. Kwa malaria ya ubongo ni tofauti, na wataalamu wamebishana kwa miaka mingi: katika panya, seli nyeupe ndizo zinazoonekana kuharibu zaidi, ilhali katika mtoto, seli nyekundu zenye vimelea huiziba mishipa midogo ya ubongo. Kwa maoni yangu, anayetaka kutibu ubongo wa mtoto asitegemee panya peke yake.

Kuhusu mateso, mnyama hupewa dawa ya usingizi kabla ya kuwekwa chini ya hadubini, na kamati ya maadili hupaswa kuidhinisha kazi kabla haijaanza. Kanuni inayofuatwa iliandikwa na Russell na Burch mwaka 1959: tumia njia nyingine inapopatikana, punguza idadi, punguza maumivu.

Njia nyingine ipo, tena haimjeruhi mgonjwa. Huko Blantyre, Malawi, madaktari wamekuwa wakitazama ndani ya macho ya watoto waliopoteza fahamu, kwa kuwa retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho, ni sehemu ya mfumo wa neva ambayo mishipa yake huonekana bila kupasua chochote. Mishipa iliyobadilika rangi na mabaka meupe huwaonyesha kwamba ni malaria kweli iliyoushika ubongo, si ugonjwa mwingine uliomkuta mtoto ana vimelea katika damu.