Pensheni Haikunisumbua, Kilichonisumbua ni Chama

Nilirudi Mombasa mwaka 2019, baada ya miaka 26 ya kuuguza wagonjwa Minnesota. Koti la baridi nilimwachia jirani, gari nikaliuza, na IRS, wale watoza kodi wa Marekani, nao nikadhani nimewaacha huko huko kwenye theluji. Sikuwa nimewaacha. Ukishachukua uraia wa Marekani, kodi yao inakufuata popote uendapo, na haijali kama unalala Bamburi au Boston.

Naandika haya kwa wenzangu mnaofunga masanduku. Kila anayenipigia simu huniuliza habari za pensheni, na pensheni ndiyo iliyo nyepesi. Kila Januari nafungua mtandaoni akaunti yangu ya Social Security, pensheni ya serikali ya Marekani, napakua fomu ya SSA-1099 inayoonyesha nilicholipwa, na ile akiba ya kazini ya 401(k) inaniletea ya kwake, 1099-R. Tarakimu zinahamia kwenye Fomu 1040, ile ya kodi ya kila mwaka, basi. Hesabu yenyewe kwa mjane kama mimi ni hivi: chukua nusu ya mafao ya Social Security, ujumlishe na mapato yako mengine yote. Isipozidi dola 25,000, mafao hayaguswi. Ikizidi, sehemu yake huanza kuhesabiwa, na ikipita 34,000 hadi asilimia 85 ya mafao yaweza kuingizwa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Shoga yangu mmoja alisikia hiyo 85 akataka kughairi safari, akidhani ndiyo watakayomkata. Sivyo. Ni sehemu inayohesabiwa tu, kisha unatoa punguzo lako la kawaida, yaani kiasi cha mapato kisichotozwa kodi, ambalo kwa aliyefika miaka 65 ni kubwa zaidi, na mara nyingi kinachobaki ni kidogo.

Jambo moja tu hapo: mtasikia vijana wakisifia msamaha wa mapato ya ng'ambo, ule uliofika dola 126,500 kwa mwaka 2024. Huo ni wa mshahara. Pensheni haimo, Social Security haimo, riba haimo. Usiupigie hesabu.

Tarehe nazo si mbaya. Walioko Marekani mwisho wao ni 15 Aprili. Sisi tunaoishi nje tunaongezwa hadi 15 Juni bila kuomba, ila uambatishe maelezo mafupi kwamba unaishi nje. Ukitaka hadi 15 Oktoba, unapeleka Fomu 4868. Lakini kama una deni, riba inahesabiwa tangu Aprili, kwa hiyo mimi hulipa mapema hata kama makaratasi sijayamaliza. Ndiyo maana sikufunga akaunti yangu ya benki kule: kuwalipa na kurudishiwa kote kunapitia humo.

Sasa nije kwenye kilichoniponza.

Mwaka wa kwanza na wa pili, aliyekuwa akinijazia fomu kule aliniuliza kuhusu pensheni tu, nami nikajibu kuhusu pensheni tu. Kuna karatasi inayoambatana na Fomu 1040, inaitwa Schedule B, na chini kabisa ina swali: je, una akaunti ya fedha nje ya Marekani? Pale paliwekwa "hapana", nami nikatia sahihi bila kusoma. Hapana, na mimi nina akaunti tatu Mombasa!

Niligutuka benki yangu ya hapa iliponiita nijaze W-9, fomu ya kodi ya Marekani, kwa sababu ya uraia wangu. Nikauliza kwa nini, nikaanza kusoma, na usiku ule sikulala.

Sheria ni kwamba akaunti zako zote za nje zikijumlishwa zikapita dola 10,000, hata kwa siku moja ya mwaka, unapeleka ripoti iitwayo FBAR. Haiendi IRS, inaenda kwa idara nyingine ya Hazina yao, FinCEN, mtandaoni, bure, na haina kodi ya kulipa. Dola 10,000 kwa shilingi 129 ni kama milioni moja na laki tatu, kiasi ambacho mtu anayejenga ukuta wa nyumba anakuwa nacho bila kujiona tajiri. Na kila akaunti inaandikwa kwa kiwango chake cha juu kabisa cha mwaka. Nilitoa laki nane kwenye akaunti ya kawaida nikaziweka kwenye akaunti ya muda maalum. Ni pesa zile zile, lakini zikahesabiwa mara mbili, huku na huku.

Haya, kumbe na chama kimo. Mimi ni mweka hazina wa chama cha wanawake 14 mtaani kwetu. Pesa si zangu, ni za mzunguko na za kununulia masufuria ya kukodisha. Lakini sahihi yangu ndiyo inayozitoa, na FBAR inataka kila akaunti unayoweza kuitolea pesa kwa sahihi yako, iwe yako au ya mwenzio. Ile ya marehemu mama, niliyowekwa nimsaidie kutoa pesa, nayo ilikuwa imo.

Adhabu ya kutopeleka, hata kama hukukusudia, imeandikwa kwenye sheria kuwa hadi dola 10,000, na hupandishwa kila mwaka. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba inahesabiwa kwa ripoti, si kwa kila akaunti. Nafuu, lakini si ya kulalia.

Kilichoniokoa ni mlango uliowekwa kwa waliokosea bila kukusudia. Unarekebisha fomu za kodi za miaka mitatu, unapeleka FBAR za miaka sita, unalipa kodi iliyopungua pamoja na riba, na unajaza Fomu 14653 ukieleza kisa chako mwenyewe. Kwa anayeishi nje kweli hawatozi adhabu. Mimi sikuwa na miaka sita ya kudaiwa, kwa hiyo nilipeleka ile iliyonihusu. Kisa changu nilikiandika mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa nikiomba radhi kama mtoto wa madrasa. Wanataka tarehe na ukweli. Kodi yenyewe iliyopungua haikufika dola 400. Muhimu ni kuingia mlango huo kabla wao hawajaanza kukuchunguza, maana wakishaanza unafungwa.

Tahadhari mbili za uwekezaji, na hizi hakuna aliyeniambia. Bondi za miundombinu tunazikimbilia kwa sababu Kenya haitozi kodi riba yake. Marekani inaitoza. Riba ya akaunti ya muda maalum, ambayo hapa inakatwa asilimia 15, angalau naipunguza kwa Fomu 1116, inayokuondolea kodi uliyokwisha kulipa nchi nyingine. Ya bondi sina cha kupunguza nayo. Ya pili ni hizi MMF, mifuko ya soko la fedha, ambazo kila mtu Nairobi anazihubiri. Machoni pa IRS ni mfuko wa kigeni wa uwekezaji, wenye Fomu 8621 na hesabu ya kumtoa mtu mvi. Chini ya jumla ya dola 25,000 kwa asiye na mwenza kuna afueni ya fomu hiyo, lakini mimi niliitoa pesa yangu nikanunua bili za hazina moja kwa moja Benki Kuu. Nalala.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, nilikiambia chama kwamba naacha uweka hazina. Mwenyekiti akanitazama. "Sasa shoga, hao Wamarekani wanataka nini na pesa za sufuria zetu?" Nikamwambia hata mimi sijui, lakini fomu inauliza. Sahihi yangu ikabadilishwa benki wiki ile ile. Na kwa kuwa Januari na Februari sahihi ilikuwa bado ni yangu, FBAR ya mwaka ule masufuria yamo tena.